Chumba Chetu cha Mchangani

Mimi na mume wangu tulikaa mji mmoja, nchi ya Waarabu, miaka mitatu bila kuwa na chumba. Mimi nililala Mirdif, katika kijichumba kilichokuwa nyuma ya jikoni ya madam niliyemfanyia kazi ya nyumbani, na mlango wake haukuwa na ufunguo. Yeye alilala Muhaisna, kwenye kambi ya kampuni yake ya viyoyozi, kitanda cha juu, chumba kimoja na wanaume wengine ambao kila mmoja alikuwa na zamu yake. Mwanamke haruhusiwi kupita lango la kambi ile. Na mwanamume, hata awe mume wa ndoa, hakuwa na ruhusa ya kuingia kwa madam. Mtoto wetu alikuwa Mombasa kwa mama yangu, akitujua kwa sauti zetu za simu.

Ijumaa tulikutana Al Qusais, karibu na stesheni ya treni. Tulikula wali kwenye mkahawa wa Wahindi, tukazunguka maduka yenye baridi bila kununua kitu, tukakaa kwenye viti vya bustani tumeachiana nafasi katikati, maana pale watu hawashikani mikono ovyo. Jua likishuka, kila mtu basi lake. Nilikuwa mke wa mtu, tena mama, lakini nilimuaga mume wangu kwa kumpungia mkono dirishani kama msichana anayeogopa kuonwa na babake.

Aliyetuonyesha jangwa ni rafiki wa mume wangu, Mmeru aliyekuwa mlinzi kwenye maghala ya Al Qusais. Yeye aliniita shemeji, nami nikamwita shemeji, na ikawa hivyo mpaka leo. Alikuwa na jipu kuukuu alilouziwa na mtu aliyekuwa akirudi kwao. Siku moja alitukuta tumekaa ukingoni mwa barabara na mifuko yetu, akacheka.

"Nyinyi mnateseka na Mungu ameweka jangwa bure," alisema. "Hawa Waarabu wenyewe, baridi ikiingia, wanahamia huko na mahema. Hakuna geti, hakuna risiti. Unaenda mbali na shamba za ngamia, unaweka hema yako, ukitoka unabeba takataka yako. Khalas."

Mume wangu hakuamini. "Mji huu hata kusimamisha gari hulipiwa. Jangwa liwe bure vipi?"

"Twende uone."

Tukaenda, na ilikuwa kweli. Upande wa Lahbab, mchanga ni mwekundu kama pilipili ya unga, na mahema yametawanyika mbalimbali, kila familia na kilima chake, hakuna amuulizaye mwenziwe. Shemeji alitushusha, akatusaidia kusimamisha hema, akarudi mjini. Ya usiku ule ni yetu wawili. Nitasema tu kwamba asubuhi nilimpikia mume wangu chai ya maziwa kwenye jiko la gesi, akanywa polepole bila kutazama saa, na sikukumbuka mara ya mwisho kumwona akinywa chai hivyo.

Tukawa tunaenda kila madam alipokwenda kulala kwa mamake. Alhamisi jioni shemeji hutupeleka. Ijumaa asubuhi yeye huenda kanisani, maana makanisa ya kule husali Ijumaa, na adhuhuri hutufuata. Mimi lazima niwe Mirdif kabla ya magharibi, madam anaporudi na kupokea wageni. Kila safari nilibeba nakala ya cheti chetu cha ndoa, nimeitia ndani ya mfuko wa nailoni na kuifunga kiunoni, kwa sababu doria za polisi hupita, na sikutaka mtu aniulize mimi ni nani wa nani nikose la kuonyesha.

Mara ninayotaka kuieleza ilikuwa mwezi wa tano. Msimu wa mahema ulikuwa umekwisha. Wenye akili walikuwa wamerudi kwenye viyoyozi vyao, lakini sisi hatukuwa tumeonana vizuri kwa muda mrefu, maana mume wangu alikuwa amepangiwa kazi kila Ijumaa. Alipopata ruhusa hatukutazama hali ya hewa. Pale petu pa kawaida tulikuta vijana na pikipiki za mchangani, kelele tupu, basi shemeji akasonga mbele, akavuka matuta mengine, akatushusha kwenye bonde penye mti mmoja wa ghafu.

"Utapakumbuka?" mume wangu alimuuliza.

"Buda, mti ni mmoja tu. Nitapoteaje?"

Asubuhi niliamka na mchanga mdomoni. Upepo ulikuwa umeanza kabla jua halijapanda, kwanza chini chini, ukitambaa juu ya mchanga kama moshi. Tulikunywa chai tumeupa mgongo. Kufikia saa nne hatukuwa tukiona tuta la pili. Anga ilikuwa rangi ya karatasi ya kaki, na jua doa jeupe tu ambalo ungeweza kulitazama bila kufumba macho. Lakini joto halikupungua. Upepo wenyewe ulikuwa wa moto.

"Atakuja," mume wangu alisema.

"Atakuja," nikasema na mimi.

Alama za magurudumu alizoacha jana zilikuwa zimefutika. Nilikwenda kuzitazama, nikarudi nikanyamaza. Mume wangu naye alikuwa amekwenda kuzitazama kabla yangu, akanyamaza vilevile.

Adhuhuri ikafika. Tuliswali ndani ya hema tukiwa tumeketi, mikono yetu ikizuia vijiti visiruke. Hema likaanguka tukiwa kwenye attahiyatu, swala inakaribia kwisha. Baada ya salamu tukajivuta kutoka chini ya turubai, tukalikunja, tukakaa chini ya ghafu, na turubai tukajifunika vichwani. Maji yetu yalikuwa ndani ya jeri ya plastiki, chini ya nusu.

Tulikuwa na simu moja, yangu ya kubonyeza, isiyo na ramani. Mume wangu aliichukua, akapanda tuta, akarudi. "Mtandao unakuja na kukatika. Shemeji hapatikani."

"Mpigie tena."

"Nimempigia. Hapatikani." Aliketi, kisha akasimama. "Mimi natembea. Barabara kuu iko huko." Alionyesha kidole ndani ya vumbi.

"Huko wapi? Umeona nini huko?"

"Tukikaa hapa tutafanya nini? Madam wako atakungoja saa ngapi?"

"Madam na anifukuze!" Nilipiga kelele, na nikashangaa kuisikia sauti yangu. "Nikufuate wapi mimi ukipotea? Nikamwambie mama yako nini? Keti!"

Katika ndoa yetu sikuwa nimempigia kelele hivyo. Alinitazama, akaketi, lakini alinipa mgongo. Tukakaa hivyo, watu wawili chini ya turubai moja. Niliyaona mabega yake yakienda juu na chini. Nilijua hakunikasirikia mimi. Aliogopa, na hakutaka niione hofu yake.

Ndipo tuliposikia honi.

Ilikuwa mbali, nyembamba, upepo ukiipeperusha. Tulisimama sote kwa pamoja. Ikalia mara ya pili, ndefu, mtu ameikandamiza hasa, kisha ikanyamaza. Tukangoja ya tatu. Haikuja.

"Kulia," mume wangu alisema.

"Nyuma ya mti."

"Upepo unakudanganya. Ni kulia."

Nilimwachia, kwa sababu palihitajika mtu mmoja wa kuamua. Nilivua leso niliyojitanda, nikaifunga ncha moja mkononi mwake na ncha ya pili mkononi mwangu, maana hatua chache tu mtu alikuwa akitoweka. Yeye akabeba jeri. Hema tukaliacha limekunjwa shinani mwa mti, tumeligandamiza kwa jiko letu la gesi. Tukapanda tuta tukiita, "Shemejiii!" na mchanga ukatuingia kooni. Tukateremka. Tukapanda jingine. Magoti yangu yalikuwa yakizama, na kila nilipoanguka leso ilikaza, naye akanivuta.

Tuliukuta mlango wa gari kabla hatujaliona gari. Ulikuwa umefunguka na kupigwa na upepo, pa, pa, pa. Jipu lilikuwa limelala ubavu mmoja kwenye mteremko, magurudumu ya nyuma yamezama yote, na mchanga ulikuwa umechimbwa kuyazunguka kwa mikono, ungeweza kuona alama za vidole. Shemeji alikuwa upande wa pili, ameegemea chuma, miguu ameinyoosha, shati lake la kanisani limefunguliwa vifungo. Chupa ndogo ya maji ilikuwa kando yake, tupu.

"Shemeji!"

Alinitazama bila kunijua. Akasema kitu kwa Kimeru, kwa upole, kama anayejibu mtu wa nyumbani kwao. Nilimshika shingo. Ilikuwa kavu, inawaka. Mtu aliyechimba mchanga katika joto lile hakuwa na hata tone la jasho.

Sikuwa muuguzi. Lakini nilimkumbuka mwanangu alipopandwa na homa mpaka akapata degedege, na mama yangu alivyomnyang'anya mikononi mwangu na kumtia maji mwili mzima huku mimi nikilia kwamba atapata baridi. Nikamwambia mume wangu, "Lete hayo maji. Tumvue shati."

Mume wangu aliishika jeri. Hakuileta. "Ndiyo ya mwisho hii," alisema taratibu. "Hatujui tutakaa hapa mpaka lini. Anywe kidogo, sisi tubakishe."

"Hawezi kunywa, mtazame! Atapaliwa."

"Mama watoto, tukiyamwaga hatuna kitu."

"Alitufuata sisi."

Upepo ulipiga mlango mara nyingine. Mume wangu akaufunga kwa teke, akapiga magoti, akafungua kifuniko. Tulilowesha leso, tukamfunika kifua, tukamwaga maji kichwani, kwapani, shingoni, kidogo kidogo kwa kiganja. Mume wangu alichukua kipande cha kadibodi cha kuzuia jua kilichokuwa kiooni, akawa anampepea. Kila leso ilipokauka, na ilikauka upesi ajabu, nililowesha tena. Nilisikia jeri inavyozidi kuwa nyepesi, na sikutazama ndani.

Baada ya muda alitikisa kichwa, akanitambua. "Shemeji. Pole. Nimewatafuta."

"Nyamaza, pumzika."

Mume wangu alikuwa ameishika simu. "Napanda juu. Mtandao ukikubali napiga polisi."

Shemeji akamkamata mguu wa suruali. "Usipige. Buda, usipige polisi. Mulkiya ya gari imeisha. Watanimaliza."

Mulkiya ni ile kadi ya gari inayofanywa upya kila mwaka. Mume wangu alisimama. Nami naungama moyo wangu uliingia baridi, si kwa ajili ya kadi tu. Niliwaza mwanamke wa Mirdif anayekutwa jangwani na wanaume wawili, niliwaza madam akipigiwa simu, niliwaza kafeel wa mume wangu, yule mdhamini wake wa kazi, niliwaza tiketi za kurudishwa kwetu. Yote yale yalinipita kichwani kwa mpigo. Kisha nikautazama mkono wa shemeji uliokuwa umemng'ang'ania mume wangu, ukaachia wenyewe, ukaanguka mchangani, na macho yake yakageuka meupe.

"Piga!" nikasema. Tayari alikuwa anapanda.

Nilibaki peke yangu na shemeji. Sijui ni muda gani. Nilimpepea, nikamsemesha. Nilimwambia habari za Mombasa, nikamwambia akipona nitampikia pilau ya kweli, si ile ya mkahawani. Niliweka kiganja puani pake nikihesabu pumzi, nikasoma kila sura ninayoijua kwa sauti, mimi Mwislamu juu ya kichwa cha Mkristo aliyetoka kanisani, na sikuona ajabu yoyote. Upepo ulikuwa ukipungua, ukirudi, ukipungua.

Mume wangu aliteremka akiviringika. "Wananiuliza tuko wapi. Nimewaambia Lahbab. Wanasema Lahbab ni kubwa. Kuna nini karibu? Nikawaambia naona nguzo ya umeme, vumbi likifunguka naiona. Wanasema nguzo zina namba, niende nikaisome." Alikuwa akihema. "Ni mbali kidogo."

Tulitazamana. Hapakuwa na leso ya kutufunga sasa.

"Nenda," nikasema. "Ukishasoma, rudi kwa kufuata nyayo zako kabla hazijafutika. Mimi nitapiga honi."

Akaenda. Niliingia nusu ndani ya gari, nikabonyeza honi. Ililia kwa unyonge, betri imechoka. Nikabonyeza, nikatoka nikampepea shemeji, nikarudi nikabonyeza. Maji yalikwisha. Niligeuza jeri juu chini, nikapangusia shemeji paji la uso kwa unyevu uliobaki. Honi nayo ikazima. Nikachukua sufuria yetu ya chai niliyokuwa nimeibeba kwenye begi, nikagonga bodi ya gari kwa nguvu zangu zote, nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi.

Alirejea kabla ya polisi. Nilipoona umbo lake juu ya tuta, rangi moja na mchanga, niliacha kugonga, nikakaa chini. Aliniwekea mkono kichwani kidogo, akachukua kadibodi, akaanza kumpepea rafiki yake.

Polisi walikuja alasiri, upepo umetulia. Mbele yao palitangulia pikapu ya mzee mwenye ngamia, aliyeijua njia ya nguzo zile. Walikuja na maji ya barafu, wakamtia shemeji mapande ya barafu kwapani, wakamlaza nyuma ya gari lao lenye kiyoyozi. Mzee alinipa chupa ya maji, na niliponyoosha mkono kuipokea vidole vyangu vilikataa kukunjuka.

Polisi kijana akatugeukia. "Huyu ni nani?" alimuuliza mume wangu kwa Kiarabu, akinionyesha kwa kidevu.

"Mke wangu."

"Karatasi?"

Niligeuka, nikafungua mfuko wa nailoni kiunoni. Nakala ilikuwa imelowa jasho, wino umetanuka. Aliisoma jina kwa jina, akalinganisha na vitambulisho vyetu, akatutazama: mimi sina mtandio, nywele zimejaa mchanga, mume wangu midomo imepasuka inatoka damu.

"Joto kama hili, mmekuja kufanya nini hapa? Kwa nini hamkukaa nyumbani?"

Mume wangu alijua Kiarabu cha kazini tu, kile cha maneno matatu matatu. Akasema, "Bayt mafi." Nyumba hakuna.

Polisi yule mwenyewe aliirudisha karatasi ndani ya mfuko wake wa nailoni, akaukunja vizuri, akanipa mimi, si mume wangu. "Yalla," akasema, "ingieni garini."

Kwenye barabara kuu ambulensi ilikuwa ikingoja. Ilipoondoka na shemeji ndipo nilipompigia madam. Wageni wake walikuwa wamefika, nilisikia watoto wakipiga kelele nyuma yake. Nilimwambia nimepata matatizo jangwani na niko na polisi. Aliuliza, "Uko mzima?" Nikasema niko mzima. "Basi njoo," akasema, na akakata. Polisi walitufikisha mjini. Niliingia Mirdif adhana ya magharibi imeshapita. Madam alinifungulia mlango mwenyewe, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Kaoge. Usipite sebuleni."

Kesho yake asubuhi aliniita. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Uliniambia unakwenda kwa mumeo."

"Ndiyo, madam. Nilikwenda kwa mume wangu."

"Mumeo anakaa jangwani?"

"Hapana, madam. Anakaa kambi ya kampuni. Mimi siwezi kuingia kwao, na yeye hawezi kuingia hapa. Jangwani ni bure."

Alikizungusha kikombe. "Hukunieleza."

"Hukuniuliza, madam."

Nilidhani nimejifukuzisha kazi kwa ulimi wangu. Lakini alikiweka kikombe mezani, akasema, "Jangwani usiende tena," na mazungumzo yakaishia hapo. Kiangazi chote sikupewa Alhamisi. Hata hivyo, Ijumaa moja alimwambia dereva wake kwamba mume wangu akija anaweza kula chakula cha mchana jikoni ya nje. Mlango uwe wazi, alisema. Tulikula mlango ukiwa wazi.

Shemeji alilazwa, figo zikasumbua, wakamtibu mpaka zikakaa sawa. Mume wangu alikwenda kumtazama kila alipotoka kazini. Ndipo tulipojua kwamba siku ile aliuona upepo kupitia dirisha la kanisa, akatoka mahubiri hayajaisha, akaja kabla ya wakati tuliopatana bila hata kupita dukani kununua maji. Alikuwa akituzunguka tangu asubuhi, akiutafuta mti. Faini ya gari alitozwa, na jipu lilipovutwa kutoka mchangani aliliuza. Hatukumsikia akilaumu mtu. Alichosema ni kwamba, akiwa pale chini, alikuwa akimwona mamake anamletea uji kwenye kibuyu, na kila akinyoosha mkono kibuyu kinarudi nyuma.

Mkataba wangu ulipokwisha sikuuongeza. Nilipata kazi ya usafi kwenye shule ya watoto wadogo, na mwaka uliofuata tukapanga chumba Al Qusais, kipande cha chumba hasa, kilichogawanywa kwa mbao, jirani akikohoa unamjibu pole. Wiki ya kwanza shemeji akaja kututembelea akiwa na mfuko wa machungwa. Humo ndani hamkuwa na pa kuketi isipokuwa kitandani, basi tulimkaribisha kitandani. Nilimpa pilau yake kwenye sinia, akala mpaka akafungua mkanda, na mume wangu akainuka kwenda kufunga mlango wetu kwa ufunguo.